Kupasuliwa Tumbo ili Kupunguza Mwili: Tuamue Tukijua

Maneno yaliyosemwa katika mkutano wa wanachama, Kambove



Kamati imetuomba tuseme juu ya jambo ambalo wengi wanaliuliza pembeni, mkutano ukiisha. Je, mtu mwenye mwili mkubwa sana aende kupasuliwa tumbo ili apungue? Na kama anaamua kwenda, mfuko wetu umsaidie ama hapana? Maombi yamefika mezani, na ndani ya kamati hatukupatana. Wengine wanasema hayo ni mambo ya urembo, na mfuko ni wa ugonjwa na vilio. Wengine wanasema mwenzetu anayeomba ni mgonjwa, tena anateseka. Basi kabla ya kupiga kura, tujue kwanza tunazungumza kitu gani.

Tuanze na mwili wenyewe. Kwetu mwili mnene ni sifa. Mtu akirudi kutoka Afrika ya Kusini, Zambia ama Ubelgiji akiwa amenenepa, jirani wanafurahi: "Huyu alikula vizuri." Akirudi amekonda, wanaanza kunong'ona. Na chakula chetu kina historia yake. Wazee wetu walichimba shaba hapa Kambove, kwanza kwa Union Minière, kisha kwa Gécamines, na posho ya unga ilikuwa sehemu ya malipo. Bukari kubwa ilikuwa ya mtu aliyepiga kazi nzito mchana kutwa. Kazi imebadilika, bukari imebaki ile ile. Na sisi tuliokaa nje tulijiongezea mengine: kazi ya usiku, soda, chakula cha haraka cha bei ndogo.

Hata hivyo tusimcheke mtu. Mwili ukishazoea uzito mkubwa, unautetea. Ukipunguza chakula, njaa inaongezeka, na mwili unatumia nguvu kidogo kuliko zamani. Ndiyo maana wengi wanatoa kilo 10 mwaka huu na kuzipata tena mwaka ujao. Si uvivu, na hatuko peke yetu: kwa hesabu ya Shirika la Afya Duniani, mwaka 2022 mtu 1 kati ya 8 duniani alikuwa na unene wa kupindukia.

Sasa, ni nani anayefaa kufikiria kupasuliwa? Kuna hesabu ambayo kila mtu anaweza kuifanya nyumbani. Chukua kilo zako, gawanya kwa urefu wako wa mita, kisha gawanya tena kwa urefu ule ule. Mtu wa mita 1.60 mwenye kilo 77 anapata 30, na hapo ndipo unene wa kupindukia unaanzia. Akiwa na kilo 90 anapata 35. Akiwa na kilo 110 anapata 43. Mwaka 1991 wataalamu wa Marekani walikubaliana kwamba kupasuliwa kunamhusu mwenye 40 na zaidi, ama mwenye 35 na zaidi kama ana ugonjwa mkubwa unaoletwa na uzito, kama vile sukari. Mwaka 2022 vyama vya wapasuaji wa kazi hiyo vilishusha kipimo: 35 hata bila ugonjwa mwingine, na kuanzia 30 kwa mwenye sukari ya ukubwani. Kwa hiyo anayetaka kupunguza kitambi juu ya harusi ya mwezi wa nane, hayumo katika hesabu hii. Mwenye kilo 110, sukari, tansio, na magoti yanayomkataza kufika sokoni, huyo yumo. Hapo neno la urembo linaisha.

Kupasuliwa kwenyewe ni kwa namna mbili zinazofanywa sana. Ya kwanza, munganga anakata na kutoa sehemu kubwa ya tumbo la chakula, karibu robo tatu ama zaidi, linabaki jembamba kama mkono wa shati. Kinachotolewa hakirudishwi tena. Ya pili, anatengeneza kitumbo kidogo juu na kukiunganisha na utumbo wa mbele zaidi, chakula kinaruka sehemu ya njia. Zote mbili kwa kawaida zinafanywa kwa matundu madogo na kamera. Mtu anashiba upesi, na homoni za njaa zinabadilika, kwa hiyo hata hamu inapungua. Kwa watu wengi wenye sukari, damu inaanza kuwa nzuri mapema, hata kabla kilo nyingi hazijatoka.

Faida yake si hadithi. Huko Uswidi walianza mwaka 1987 kufuata watu zaidi ya 4,000 wenye unene mkubwa. Karibu nusu walipasuliwa, wengine walipewa matibabu ya kawaida. Matokeo yalitolewa mwaka 2007, baada ya kuwafuata kwa wastani wa miaka karibu 11. Waliopasuliwa walikuwa wamekufa 101, wengine 129. Waliofanyiwa ile namna ya kuruka njia, baada ya miaka 10 walikuwa bado wako chini ya uzito wao wa kwanza kwa kama robo. Tuangalie vizuri: robo, si nusu. Mtu wa kilo 120 anategemea kufika kama 90. Hatakuwa mwembamba wa picha, lakini anaweza kutembea.

Hatari nayo tuiseme. Katika lopitali zenye uzoefu, anayekufa ndani ya mwezi wa kwanza ni kama mtu 1 kati ya 1,000. Mahali pasipo na uzoefu, tusitumie hesabu hiyo. Damu inaweza kuganda miguuni na kupanda hadi mapafu. Pale paliposhonwa panaweza kuvuja, na wakati mwingine inaonekana baada ya siku nyingi, mtu amekwisha kutoka lopitali. Kwa hiyo asiyepanga muda wa kukaa karibu na munganga wake, akapanda ndege siku chache tu baada ya kisu juu ya kuokoa pesa ya kulala, anajitafutia kifo. Homa, moyo kupiga mbio, tumbo kuuma sana: hizo ni alama za kukimbilia lopitali saa ile ile.

Lakini wandugu, neno letu kubwa la leo si siku ya kisu. Tukisikia watu wanavyozungumza, hesabu yote inaishia kwenye tiketi na malipo ya lopitali ya ngambo. "Nikipata pesa ya kwenda, imekwisha." Haijaisha. Kisu kinachukua saa chache. Kinachofuata ni miaka yote iliyobaki, na miaka hiyo mtu ataiishi hapa Kambove, si India wala Afrika ya Kusini.

Kwanza, vitamini. Mtu aliyepasuliwa atakunywa vitamini na madini mpaka mwisho wa maisha: B12, chuma, kalsiamu, vitamini D. Akiacha, damu inapungua, mifupa inadhoofika, mishipa ya fahamu inaharibika, miguu inaanza kufa ganzi. Tena akitapika siku nyingi mfululizo, vitamini B1 inaisha mwilini, na ubongo unaweza kuumia kabisa. Huku kwetu kutapika tunasema haraka ni malaria. Kwa mtu huyu, malaria ipimwe, lakini B1 isisahauliwe.

Pili, vipimo vya damu: mara kadhaa mwaka wa kwanza, kisha angalau mara moja kila mwaka. Pengine itabidi kwenda Likasi ama Lubumbashi. Usafiri ule na vipimo vile viingie katika hesabu kabla ya tiketi ya ndege.

Tatu, dawa. Vidonge vya maumivu kama ibuprofeni na diklofenaki, ambavyo tunanunua sokoni kama pipi, vinaweza kumletea vidonda vya tumbo, zaidi yule wa namna ya pili. Dawa za sukari na tansio lazima zipimwe upya, mara nyingi zipunguzwe, la sivyo sukari itashuka mno.

Ine, sahani. Tumbo dogo linataka kwanza samaki, mayai, maharagi, nyama laini. Bukari inakuja mwisho, tonge mbili tatu, kutafuna pole pole, na maji yasinywewe pamoja na chakula. Vinywaji vya gesi si rafiki yake. Pombe inapanda kichwani upesi kuliko zamani, na kuna walioiingia pombe baada ya kukosa raha ya kula. Mnajua namna tunavyokula: sahani moja, mikono mingi. Mgeni akila tonge mbili, mwenye nyumba anakasirika: "Mama, unakula kidogo vile juu ya nini? Chakula yetu ni mubaya?" Kwenye kilio, kwenye harusi, kila siku atajieleza. Asiyekuwa na mtu mmoja nyumbani wa kumtetea mezani, atachoka.

Tano, midomo ya watu. Mwaka wa kwanza mtu anapoteza kilo nyingi haraka, nywele zinadondoka kwa muda, ngozi inalegea. Kambove ni mji mdogo. Tunajua watakachosema: "Ule mama alirudia na pesa, kumbe alirudia na bugonjwa." Kuna ndoa zinazoweza kutikiswa na neno kama lile, na biashara zinazoweza kukosa wateja. Anayetaka kupasuliwa aamue mapema atamwambia nani ukweli.

Sita, kwa ba mama wenye umri wa kuzaa: mimba ingoje mwaka mmoja hadi mwaka na nusu. Wengine waliokaa miaka bila mimba wanashika upesi wakipungua, na vidonge vya kuzuia mimba vinaweza kukosa nguvu baada ya ile namna ya pili. Munganga aulizwe njia nyingine.

Je, hakuna njia ya katikati? Zipo. Puto linalowekwa ndani ya tumbo bila kisu, kama wanavyofanya Mloganzila huko Dar es Salaam, linakaa miezi kadhaa kisha linatolewa. Likitoka, mazoea ya zamani yakirudi, kilo nazo zinarudi. Kuna sindano mpya kama semaglutidi. Katika uchunguzi uliotolewa mwaka 2021, walioitumia zaidi ya mwaka walipungua kwa wastani wa kama asilimia 15. Lakini bei ni kubwa, sindano zisizofunguliwa zinataka friji, na umeme wetu mnaujua. Tena wanaoacha wanarudisha sehemu kubwa ya kilo. Na kupunguza hata kilo 5 ama 6 kwa mtu wa kilo 110, kwa sahani na kutembea, kunasaidia sukari na tansio. Hiyo ijaribiwe kwanza, kwa uaminifu, tena ikiwa na munganga anayefuata. Ikishindikana, mtu asihukumiwe.

Basi tunaleta mbele yenu pendekezo hili. Kila anayeomba msaada wa mfuko kwa kupasuliwa, ajibu maswali matano mbele ya watu wawili wa kamati, kwa siri:

Kipimo chako ni ngapi, na munganga gani asiyekula faida ya kupasuliwa kwako amekuona? Umejaribu nini kabla, kwa muda gani? Lopitali ya ngambo itakupa ripoti kamili ya Kifaransa, ili wanganga wa hapa wajue kilichofanywa? Nani Likasi ama Lubumbashi amekubali kukufuata mwaka hadi mwaka? Na vitamini za miaka 3 ya kwanza zitatoka wapi?

Akijibu vizuri, tunapendekeza mfuko usilipe tiketi wala kisu. Hizo zitoke kwake, kwa jamaa, ama kwa likelemba. Mfuko usaidie kile ambacho jamaa wanakisahau: vipimo vya damu, safari za kwenda kupimwa, na vitamini, kwa miaka hiyo 3. Ni pesa kidogo kidogo, lakini ndiyo inayomweka mtu hai. Tunajua pendekezo hili halitamridhisha kila mtu. Mwenzetu mwenye shida leo atasema tumempa kijiko wakati anaomba chungu. Lakini mfuko huu ndio unaozika watu wetu na kuanzisha upya wanaorudi mikono mitupu. Malipo ya lopitali moja ya ngambo yanaweza kuumaliza.

Kwa wafadhili wetu: hatutagusa pesa mliyotoa kwa shule wala kwa vilio. Kama mnataka kusaidia upande huu, tuma vitamini ambazo tarehe haijapita, ama mzani wa kweli. Mizani mingi ya nyumbani inaishia kilo 120 ama 150, na mtu mzito anaaibika mbele yake.

Kura itapigwa mkutano ujao. Mwenye neno aandike ama aje amwone katibu. Na tangu leo, mwenzenu akila kidogo mezani, mwacheni ale kidogo. Msimuulize kwa nini mbele ya watu.