Usiuze Ordinatere Yako kwa Bei ya Vyuma: Maneno kwa Vijana



Leo sikuje kuongea juu ya barabara wala juu ya maji. Nataka tuongee juu ya ile ordinatere ya zamani iko chini ya kitanda, ile inachukua dakika kumi mbele ya kufunguka. Wengi wetu tuliandikia TFC ndani yake. Leo tunasema imekufa, tunaiuza kwa wale wenye kutafuta vipande, kiisha tunaingia deni ya kununua ingine.

Mimi niko na diploma na sina kazi, sawa na wengi humu. Kwa mtu wa namna yetu, ordinatere njo jembe: CV, barua, masomo, na kazi ndogo ndogo ya kutafuta unga. Kwa hiyo tuulize: nani aliamua kama imekufa?

Tarehe 14 Oktoba 2025, Microsoft iliacha kutuma bure marekebisho ya usalama ya Windows 10. Wenye kujiandikisha walipewa mwaka moja tu ya nyongeza. Windows 11 nayo inaomba kipande cha usalama kinaitwa TPM 2.0 na prosesa ya karibuni. Kwa Intel, kwa kawaida ni kuanzia kizazi cha 8, chenye kilitoka 2017. Mashini ya 2013 inakataliwa, ata kama ekra, klavye na diske vyote vinatumika muzuri.

Kuko na jambo baya zaidi. Wengi tunatumikisha Windows ya kuvunjwa, ile wanakuwekea ku sekretaria kwa franga kidogo. Mwenye aliivunja, unamujua? Unajua alichoficha ndani? Siye tunaandika majina ya watu, ushuhuda, picha. Mama alikuamini, akakupa jina lake. Hauna haki ya kuliweka mu nyumba yenye mlango wazi.

Njia ingine iko. Inaitwa Linux. Ilianzishwa 1991 na Linus Torvalds, mwanafunzi wa miaka 21 wa Helsinki, Finlande. Leseni yake inakuruhusu kuitumia, kuangalia ndani, kuibadilisha na kuigawa. Kumukopishia mwenzako haiko wizi, ni haki yako. Iko na aina nyingi: Ubuntu, kwa mfano, ilianzishwa 2004 na Mark Shuttleworth, mtu wa Afrika Kusini. Kwa mashini ya zamani, mimi napendekeza Linux Mint ya Xfce. Inaomba RAM ya giga 2 (4 ni muzuri zaidi), nafasi ya giga 20 ku diske, na prosesa ya biti 64. Ukiwa na ya biti 32, tafuta antiX.

Namna ya kufanya ni hii.

Kwanza, tosha vitu vyako vyote: picha, TFC, barua. Viweke ku diske ya inje, kiisha uvifungue mu mashini ingine ili uone kama kweli vimefika. Usiruke hapa.

Pili, tafuta kle ya USB ya giga 8. Vyenye viko ndani yake vitafutika. Faili ya Mint iko karibu giga 3, na mega ni bei kali. Basi mmoja aipakue, wengine wakopie kwake. Programu Rufus inaiandika ku kle. Kuiburuta tu na kuiacha mule haitoshi.

Tatu, zima mashini, ingiza kle, washa na ubonyeze F12 kwa Dell na Lenovo nyingi, ao F9 kwa HP nyingi. Chagua kle.

Ine, jaribu. Mint itafunguka juu ya kle bila kugusa diske yako. Angalia sauti, ekra, wifi, na klavye ya AZERTY. Wifi ikikataa, unganisha simu na kamba ya USB, ugawe intaneti kutoka simu. Usipopendezwa, zima na utoe kle: hakuna kilichobadilika.

Tano, njo uweke. Itakuuliza: kufuta yote, ao kukaa pamoja na Windows? Soma polepole, juu kufuta hakurudi nyuma. Beteri ikiwa mbovu, usianze siku umeme inakatikakatika. Ukichagua kufuta yote, unaweza pia kufunga diske kwa neno la siri, ili mwizi wa mashini asisome majina ya watu. Lakini ukilisahau, hakuna mtu wa kukufungulia.

Sitaki kuwadanganya. Microsoft Office na Photoshop haziingie mule kwa njia ya kawaida. LibreOffice inafungua faili za Word na Excel, ila mpangilio unaweza kusogea. CV itume kwa PDF. Kama kazi yako inaomba programu ya Windows peke yake, acha zote mbili. Na kama diske ni ya zamani, ile ya kuzunguka, kuweka SSD ndogo kutaongeza mwendo kuliko kitu kingine.

Neno la mwisho. Ndani ya vyombo vya namna hii munakuwa tantale, na tantale inatoka mu koltani. Koltani inachimbwa Rubaya, kule Masisi, na vijana wa rika letu wenye kuingia mu mashimo. Kisha tunauziwa mashini iliyochakaa Ulaya, na baada ya miaka kidogo tunaambiwa: tupa, nunua ingine. Kuifanya iishi miaka mingine mitano ni jambo dogo, lakini ni letu, halihitaji ruhusa ya mtu.

Ombi langu: mwenye kle atayarishe mashini yake, kiisha asaidie watu wawili, bila kuwaomba franga. Hao wawili nao wafanye vile vile. Kuna dada humu mwenye kungoja pesa ya mashini mpya ili amalize TFC yake. Anaweza kuanza wiki hii.