Mali Bila Daftari: Bima na Makusanyo ya Mtu Binafsi



Mada ya bima yaweza kuonekana ngeni katika mhadhara wa taaluma za Kiswahili. Hata hivyo, data nyingi tunazozitegemea hazikuanzia maktabani. Zilianzia majumbani mwa watu: madaftari ya hadithi, kanda za nyimbo, barua, picha, sarafu na ngoma za kale.

Tuutazame mkoa wa Kagera, kuanzia Bukoba hadi Kimwani wilayani Muleba. Tarehe 10 Septemba 2016 tetemeko la ardhi liliua watu zaidi ya 15 mkoani humo na kuharibu maelfu ya nyumba. Nyumba inapoanguka, kilichohifadhiwa ndani yake huanguka nayo. Je, bima ingemfaa nini mwenye makusanyo?

Mkataba wa bima hujengwa juu ya maswali matatu. Kwanza, una nini? Bima ya vyombo vya nyumbani mara nyingi huacha nje miswada, sarafu na stempu, isipokuwa vimetajwa waziwazi. Pili, unajikinga na janga gani? Bima ya moto kwa kawaida hailipii tetemeko mpaka kipengele hicho kiongezwe. Tatu, vina thamani gani? Kitu kisicho na bei ya sokoni huhitaji thamani iliyokubaliwa mapema na pande zote mbili. La sivyo, fidia ya daftari la hadithi yaweza kuwa bei ya daftari tupu.

Swali hili la tatu ndilo zito kwetu. Kisiwani Ukerewe, katika ziwa hilohilo, Aniceti Kitereza alikamilisha riwaya yake kwa Kikerewe mwaka 1945. Tafsiri yake mwenyewe ya Kiswahili, *Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka*, ilichapishwa mwaka 1980. Muda wa miaka 35 ulipita kabla ya kazi hiyo kumfikia msomaji kwa njia ya kitabu. Lau mswada ungeteketea, ni fidia ipi ingeyarejesha maneno yale?

Kwa hiyo, ngoma na sarafu zikatiwe bima, kwa kuwa fedha yaweza kufidia sehemu ya hasara. Maneno yanahitaji kinga nyingine, nayo ni nakala. Vyote viwili vinadai orodha. Wahenga walinena: mali bila daftari hupotea bila habari. Orodha hiyo ionyeshe namba ya kila kitu, maelezo, picha, lugha, mahali, tarehe na jina la aliyekitoa. Nayo isilale chini ya paa moja na makusanyo yenyewe.

Nihitimishe kwa kuwageukia wanafunzi. Mwendapo Muleba kurekodi wazee, msiondoke na data peke yake. Mwachieni mwenyeji nakala, na msaidieni kuandika orodha ya alivyo navyo, kwa ridhaa yake. Hiyo ni bima ambayo taaluma yetu inaweza kuilipia.