Kubadilisha Jokofu la Chanjo

Leo tuzungumzie jokofu la gesi au la mafuta ya taa, linalotunza chanjo ya kideri kijijini. Mkiondoa la zamani na kuleta jipya, msilisukume tu ukutani. Jokofu la namna hii halina mota. Maji yenye amonia hutelemka yenyewe ndani ya mabomba. Likiinama, moto utawaka lakini baridi haitakuja. Basi lipimeni kwa pimamaji, liacheni nafasi nyuma, na moshi uwe na pa kutokea. Chanjo isubiri kwenye kasha la barafu mpaka kipimajoto kisome kati ya digrii 2 na 8. Chanjo iliyoharibika haijulikani kwa macho. Mtaijua kuku wanapokufa.