Mtaka Cha Mvunguni

Leo twapenda kuzungumza nanyi juu ya jambo lisilotajwa sana hapa kisiwani: kijana anayetamani kuwa mpanda farasi wa mashindano, wale wanaoruka viunzi.

Huenda mtu akacheka. Mji wa Kale, toka Kibokoni hata Fort Jesus, ni vichochoro vyembamba, na mizigo huenda kwa mkokoteni. Pwani yetu haikuwa nchi ya farasi. Mbung'o na maradhi viliwamaliza. Mwanzoni mwa karne ya 20 wakubwa wa Mombasa walizunguka mjini kwa vigari vya reli vilivyosukumwa na watu. Hata leo, kijana wetu akimwona farasi, pengine ni ufuoni, akikodishwa kwa wageni. Mashindano yenyewe yako mbali, bara, kama pale uwanja wa Jamhuri Park, Nairobi.

Sasa tuseme kijana aja kwetu, mwana wa fundi au mchuuzi, asema, "Baba Mchungaji, nataka kuruka viunzi na farasi." Tumjibu nini?

Tukimwambia ni rahisi, tutamdanganya. Farasi hula kila siku, ashindane asishindane. Ataka kutengenezwa kwato, ataka daktari wa mifugo. Mchezo huu ni wa gharama na mlango wake ni mwembamba. Lakini tukimwambia, "Hayo si ya watu kama wewe," tumekosa zaidi. Ni nani aliyetupa sisi kazi ya kugawa karama za Mungu?

Basi na tumweleze njia ilivyo. Haianzi juu ya tandiko, huanza chini. Atazoa samadi, atajaza maji, atainama na kusafisha kwato moja moja. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Kisha atapanda, farasi akishikwa kwa kamba ndefu: mwendo wa kawaida, halafu telki, halafu shoti. Baadaye atapita juu ya fito zilizolazwa mchangani. Ndipo kitakuja kiunzi cha kwanza, kisichopita goti. Viunzi vya Olimpiki hufika mita 1.60, lakini hakuna aliyeanzia huko. Naye ataanguka; kwa hiyo asipande bila kofia ngumu.

Katika mashindano, ufito ukianguka ni pointi 4 za adhabu. Farasi akikataa kuruka, ni 4 vilevile. Hapo kijana akimpiga kwa hasira hafundishi kitu. Farasi hujifunza kuogopa kiunzi pamoja na bwana wake. Wazazi, tuyasikie hayo. Mtoto aliyesita mbele ya mtihani hahitaji fimbo ya maneno. Ahitaji mkono uliotulia.

Liko na jambo jingine la kutufaa. Kabla ya kushindana, wapandaji huingia uwanjani kwa miguu yao, bila farasi. Huhesabu hatua toka kiunzi hata kiunzi, hupima kona, hutazama mahali pagumu. Farasi hatembezwi njia ile. Huingia asijue lililo mbele. Alijualo ni mkono ulioshika hatamu. Zaburi ya 32 yatuonya tusiwe kama mnyama wa kuzuiliwa kwa lijamu, kwani Mungu ataka kutuongoza kwa jicho lake. Na Waraka kwa Waebrania wasema Bwana wetu alijaribiwa kama sisi. Yaani uwanja huu wa maisha ameutembea kwa miguu kabla yetu. Hatuongozwi na asiyeijua njia.

Mwaka 1968, huko Mexico, binti wa Kiingereza, Marion Coakes, aliingia mashindano ya Olimpiki na Stroller, farasi wa jamii ndogo wapandwao na watoto. Kwa kawaida kijana akikua humwacha mdogo, akatafuta mkubwa. Yeye alibaki na yuleyule waliyezoeana. Kati ya farasi warefu wa mataifa, wawili hao walipata medali ya fedha. Tangu 1956 wanawake hushindana na wanaume katika mchezo huu, wala hawapunguziwi kiunzi.

Wasikilizaji wapendwa, pengine kijana wetu hatafika Olimpiki. Pengine atakuwa mtunzaji wa farasi, au daktari wa mifugo, au mwalimu wa wengine. Hata hivyo hatakuwa amepoteza, maana aliyejifunza kuinama kwenye kwato, kuanguka na kupanda tena, na kuzuia hasira yake, amepata mali isiyokodishwa.

Wiki hii, mtoto akikuletea ndoto usiyoielewa, usicheke. Keti naye, muulize ameanza kuinama wapi.

Tuombe. Ee Bwana, waongoze vijana wetu kwa mkono wako uliotulia, nasi utufundishe kutowafungia mlango uliowafungulia wewe. Amina.