Kichwa cha Mtoto Kinapokua Kupita Kiasi



Niliwahi kuletewa mtoto mchanga mwenye kichwa kikubwa. Nikamsomea, nikamrudisha kwao. Waliponirejea, macho yake yalikuwa hayaoni tena. Kosa lile nalikiri mbele yenu.

Maradhi yale si shetani wala husuda: ni maji yaliyozuilika ndani ya ubongo. Dalili zake ni hizi: kichwa hukua upesi, utosi huvimba na kukaza, mishipa ya kichwani hudhihirika, macho huelekea chini, mtoto hutapika na kusinzia mno. Mkiziona, msingoje, mpelekeni hospitali siku ile ile. Mbale, hapa Uganda, ipo hospitali ya watoto ambako maji hayo hufunguliwa njia kwa upasuaji.

Dua tusiiache, lakini na isomwe njiani.

Wabillahi taufiq.