Adui asiye na lango



Mwaka 1989 utawala ulipotaka kusimamisha jumba la ghorofa 60 katika Bustani ya Uhuru, Profesa Wangari Maathai aliandika barua, akapaza sauti, akakejeliwa Bungeni; hatimaye jumba halikujengwa. Mwezi Januari 1999 alipigwa na kujeruhiwa kwenye msitu wa Karura, na msitu huo ungalipo. Tangu hapo tumeshika silaha zilezile: barua, maandamano, maombi ya hadhara na miche. Ni silaha njema. Mbona basi makaa yametushinda?

Jibu ni hili. Bustani ya Uhuru na Karura zilikuwa na lango la kusimama mbele yake, saini ya kufutwa, na wakubwa wa kuaibishwa mbele ya dunia. Makaa hayana lango. Yumo mchomaji aliyekosa mvua, mwenye shamba mwenye deni, dereva wa lori, askari wa kizuizini mwenye mkono mrefu, na mpishi wa mjini. Mpishi huyo ni mimi na wewe. Tutaandamana kwenda kwa nani?

Mwezi Februari 2018 Serikali ilisimamisha ukataji wa miti katika misitu ya umma, na mwaka huohuo Kaunti ya Kitui ikakataza makaa kusafirishwa nje yake. Sisi tulishangilia. Lakini amri haikuivisha chakula cha mtu. Bei ilipanda, na mama mmoja auzaye makaa kwa debe karibu na kanisa letu akaniuliza baada ya ibada: "Mzee, mmenifungia biashara. Karo ya mtoto mtanilipia ninyi?" Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimehubiri juu ya kujinyima, huku anayenyimwa ni yeye. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu.

Hata miche yetu ina mipaka. Mche hutaka miaka mingi. Mti ukikatwa huwa gunia la makaa kabla ya mwezi kwisha. Mwezi Julai 2021 kodi ya asilimia 16 iliporudishwa juu ya gesi ya kupikia, je, ni wangapi kati yetu tuliona kwamba hilo nalo lilikuwa shoka msituni? Kodi hiyo ilishushwa mwaka 2022 na kuondolewa mwaka 2023, lakini wakati wa kupiga kelele sisi tulikuwa tukipanda miti mbele ya wapiga picha.

Sisemi tutupe maandamano. Anayenyakua ardhi ya umma na aandamwe mchana kweupe. Lakini kwa tatizo lililomo jikoni mwetu, tufanye kazi isiyopigiwa makofi: tusome bajeti kabla haijapitishwa, tuketi na wachomaji na kutafuta tanuri lisilopoteza kuni, na kazi nyingine ya kuwalisha, tuwadai maafisa hesabu ya hongo za barabarani, na vyama vya akiba vya parokia vimkopeshe maskini jiko bora na mtungi wa gesi.

Na yule mama asiitwe tena mkosaji. Aitwe mezani, aseme wa kwanza.

Mungu atujalie subira na ukweli.