Stima na Njia ya Kurudi



Zamani kule Pwani, stima ilikuwa meli ya mvuke. Baadaye Wakenya tukauita umeme stima, na mvuke tukausahau. Chini ya Mlima Longonot neno hilo limerudia asili yake. Visima vya mvuke vya Olkaria vilianza kuchimbwa mwaka 1956, na mwaka 1981 mtambo wa kwanza, wa megawati 15, ukaanza kazi. Kisima hushuka kilomita mbili na zaidi, hadi penye mwamba unaochemsha maji ya ardhini. Mvuke hupanda kwa ngurumo, ukatengwa na maji, ukapelekwa kwa mabomba kwenye mapanga ya turbini.

Hapa ndipo wanafunzi wengi hukosea. Huandika kwamba mvuke hugeuka umeme. Mvuke huzungusha tu. Elektroni zimo ndani ya waya wa shaba tangu mwanzo, Olkaria haizitengenezi. Zinachohitaji ni msukumo, na Michael Faraday alionyesha mwaka 1831 namna ya kuupata: pitisha sumaku karibu na koili ya waya. Sumaku ikitulia, hata iwe na nguvu kiasi gani, hupati kitu. Ndiyo maana rota hailali. Yenye ncha mbili za sumaku huzunguka mara 3,000 kwa dakika, ili gridi yetu ipate hezi 50.

Mkondo bado. Hapo tuna volti tu, yaani msukumo. Mkondo hauendi pasipo njia ya kurudi. Acha mwanya mmoja katika mzunguko, nao husimama wote.

Nalikazia jambo hili kwa ajili ya wazee wetu waliotoka Longonot tangu alfajiri, walioketi mbele. Kwa miaka mingi nyaya za volti 132,000 na 220,000 zilipita juu ya boma za Wamaasai kuelekea Nairobi, na ndani ya boma ikawaka koroboi. Waya ule haudokolewi. Ili mkondo uingie bomani na kurudi, panahitajika kituo cha kushusha volti, nguzo ndogo, transfoma ya mtaani, mpaka zifike 240 za nyumbani. Transfoma yenyewe ni koili mbili juu ya chuma kimoja, kazi ya Faraday yule yule. Fizikia haikumnyima mtu taa. Walioamua nguzo zisimamishwe wapi ni watu, na waliotoa ardhi walistahili kuwa wa kwanza.

Sasa naomba taa za ukumbi zizimwe. Hapa mezani nina sumaku, koili, mpini na balbu. Mzee, njoo uzungushe. Waya mmoja nimeuacha wazi kwa makusudi: mpini ni mwepesi, na balbu haiwaki. Endelea kuzungusha, nauunganisha. Umehisi mpini ulivyokuwa mzito ghafla? Uzito huo ndio mvuke wa Olkaria unaousukuma usiku kucha.